Rangi za apu kwa anayeanza: anza na kijivu kwanza

Kila wiki naulizwa swali lilelile, limebadilishwa nguo tu. "Kaka, apu yangu niipake rangi gani?" "Hii bluu inaendana na nini?" "Mbona kwenye laptopu dizaini yangu ni kali ila kwenye simu ya mama haisomeki?" Mimi nipo Tanga, Ngamiani, kazi yangu ni kudizaini apu na tovuti, na vijana wanaokuja kukaa pembeni yangu kujifunza karibu wote wanaanza vilevile, wanafungua gurudumu la rangi, wanachagua tano zinazong'aa, wanazipaka, halafu wanakwama hawajui kwa nini skrini inaonekana kama kibanda cha sherehe. Kwa hiyo naandika mara moja, hatua kwa hatua, ukiuliza tena nitakutumia hii.

Kitu kikubwa nakwambia mapema kabisa: kwenye skrini mtu anaona mwanga na giza kwanza, rangi inakuja nyuma yake. Ukipatia mwanga na giza, rangi karibu yoyote itakaa. Ukikosea hapo utabadilisha rangi mpaka alfajiri na bado utasema kuna kitu hakipo sawa.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu ya Android ya bei ya chini, yako au ya kuazima. Ile ya kioo kimechubuka ndio nzuri zaidi, maana ndiyo watumiaji wako wanayo.
- Laptopu yenye Figma au Penpot, programu za kuchorea skrini. Zote zinafunguka kwenye kivinjari, Figma ina mpango wa bure na Penpot ni huria kabisa. Kama laptopu huna, hatua ya 1 na ya 2 unaweza kuzifanya kwa simu, penseli na karatasi, usisubiri.
- Kipima kontrasti, yaani tofauti ya mwanga kati ya rangi mbili. Mimi natumia cha WebAIM, ni ukurasa mmoja, unaweka namba mbili za rangi kinakupa jibu, wala hakili bando.
- Maneno halisi ya Kiswahili yatakayokuwepo kwenye skrini. Usijaze maneno ya uongo ya Kilatini. "Thibitisha malipo" ni refu, litakulazimisha upunguze ukubwa wa herufi, na herufi zikiwa ndogo mahitaji ya kontrasti yanabadilika.
- Jioni tatu nne zisizo na haraka.

Nadharia kidogo tu

Namba ya rangi yenye alama ya reli, mfano #1A6640, ni jozi tatu: nyekundu, kijani, bluu, kila moja inaanzia 00 mpaka FF, yaani ngazi 256. Kompyuta inaielewa vizuri, ila wewe ukiiangalia haikuambii kama rangi imekolea au imepauka. Tumia HSL, njia nyingine ya kuandika rangi kwa namba tatu. Namba ya kwanza ni rangi yenyewe, unazunguka duara kutoka 0 mpaka 360: 0 nyekundu, 60 njano, 120 kijani, 240 bluu, ukifika 360 umerudi kwenye nyekundu. Ya pili ni ukolezo, 0 ni kijivu kitupu na 100 imekolea mpaka mwisho. Ya tatu ni mwangaza, 0 nyeusi tii, 100 nyeupe pee.

Angalizo hapo: kwenye Figma kuna HSL na kuna HSB, zimekaa jirani na watu wanazichanganya kila siku. Namba ya tatu ya HSB haipimi kitu kilekile, ukinakili namba za HSL ukazimwaga kwenye HSB utapata rangi nyingine kabisa. Hakikisha umechagua HSL kabla hujaandika chochote.

Na hili nalipenda ndio maana nalitaja. Kiswahili chenyewe kina maneno matatu tu ya rangi yanayobadilika na ngeli: -eusi, -eupe, -ekundu. Zilizobaki nyingi tumeazima kwa vitu, kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, zambarau kwa tunda, chungwa kwa chungwa. Giza, mwanga, na rangi moja ya kuita jicho. Angalia kanga ya kisutu anayopewa bibi harusi, ni hizohizo tatu, na ukiwa upande wa pili wa barabara unaijua. Skrini nzuri unaweza kuijenga hivyohivyo.

Hatua zenyewe

1. Angalia apu za wenzako bila rangi. Ingia mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, tafuta kusahihisha rangi, weka kijivu. Simu nzima inakuwa kama televisheni ya zamani. Sasa fungua apu tatu unazotumia kila siku, ya kutuma pesa, ya kuchati, yoyote. Jiulize: batani kubwa bado naiona? Kipi kinaita jicho kwanza? Piga skrinishoti, ziweke. Utashangaa, zile apu nzuri zinabaki zinaeleweka vilevile. Kaa na simu hivyo saa nzima, jicho lizoee.

2. Chora skrini yako kwa kijivu peke yake. Hapa ndipo wengi wanataka kuruka, tafadhali usiruke. Ukolezo uwe 0, halafu tumia mwangaza wa aina tano tu:

- 98 bakgraundi
- 90 mistari ya kutenganisha
- 55 mpaka wa kisanduku cha kuandikia
- 45 maandishi madogo ya pembeni, kama tarehe
- 15 maandishi makuu na batani kuu

Hizo namba sijazitupa tu. Ile 45 juu ya 98 inapita kipimo cha kontrasti (kipo hatua ya 5) kwa kuponea chupuchupu, ukiipandisha mpaka 50 imeshafeli. Vijana wanapenda kijivu chepesi kwa sababu kinaonekana cha kisasa, matokeo yake tarehe ya muamala haisomeki na mteja anapiga simu kuuliza.

Kama kwenye kijivu mtu hajui abonyeze wapi, rudi upange upya ukubwa na nafasi. Usiendelee. Rangi haitatibu hilo.

3. Chagua rangi moja. Moja. Itoe kwenye kitu cha kazi yenyewe, sio kwenye picha za mtandaoni. Nitakupa mfano wangu. Nilitengeneza ukurasa wa kuagiza machungwa ya Muheza, wauza juisi wanaagiza, mfanyabiashara anawapelekea. Mimi bila kufikiri nikachukua rangi ya chungwa, #FF8C00, maana chungwa si rangi ya chungwa? Baadaye nikakaa nikaliangalia chungwa lenyewe mezani. Chungwa la kwetu huku limeiva, tamu, na ganda bado lina ukijani. Ile rangi kali niliyoweka ni ya machungwa ya kwenye matangazo ya nchi za baridi. Nikahamia kijani cha jani la mchungwa: HSL 150, 60, 25. Kikakaa vizuri, na mwenye biashara mwenyewe akasema hii ndiyo shamba.

Tahadhari za hapa: rangi nchini kwetu zina wenyewe. Ukiweka kijani na njano pamoja, nusu ya watu wataona Yanga na wengine wataona CCM. Nyekundu na nyeupe, utaitwa Simba. Si vibaya kama ndicho unachotaka, ila usiingie bila kujua. Pia angalia washindani, kama biashara ya jirani tayari ni bluu, wewe kuwa bluu ileile ni kumsaidia yeye.

4. Ivute hiyo rangi moja iwe ngazi. Shikilia namba ya kwanza palepale, badilisha mwangaza: 95, 85, 45, 35, 25, 15. Sita zinatosha. Nyepesi kabisa kwa bakgraundi ya ujumbe, ya kati kwa mapambo, 25 kwa batani, 15 ikibonyezwa. Kila ngazi iangalie kwa jicho, ukiona ya katikati inapiga kelele punguza ukolezo kidogo. Basi, usikae hapa siku mbili.

5. Pima kontrasti, kila jozi. Kipimo kinachotumika duniani kinaitwa WCAG, kinalinganisha mwanga wa rangi mbili. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, hakuna zaidi ya hapo. Maandishi ya kawaida yafike angalau 4.5 kwa 1. Maandishi makubwa, kuanzia pikseli 24 au kama ni ya kukoza basi pikseli 19 hivi, yafike 3 kwa 1. Mipaka ya visanduku na ikoni zenye kazi nazo 3 kwa 1. Kuna daraja la juu la 7 kwa 1, na kwa apu itakayotumika nje juani mimi napigania hilo.

Sasa mtego wenyewe. Chukua njano ya HSL 60, 100, 50 na bluu ya 240, 100, 50. Mwangaza zote 50, sawa? Ziweke juu ya nyeupe upime. Njano inapata 1.07, yaani ni kama hujaandika kitu. Bluu inapata 8.6. Kijani kikali #00FF00 ni 1.4 hivi. Nyekundu #FF0000 inaishia 4.0, watu wengi wanadhani imepita kumbe bado. Sababu ni jicho la binadamu, kwenye hesabu ya mwanga kijani inabeba karibu asilimia 72, nyekundu 21, bluu 7 tu. Njano kwenye skrini ni nyekundu na kijani zimewashwa pamoja, lazima iwe nyepesi. Kwa hiyo ile namba ya tatu ya HSL inakusaidia kupanga ngazi za rangi moja, lakini usiiamini kulinganisha rangi mbili tofauti. Pima.

Na ule ukurasa wangu wa machungwa? Maandishi meupe juu ya #FF8C00 ni 2.3. Nilikuwa nimefeli vibaya na chumbani sikuona. Maandishi meusi juu ya chungwa ileile yanapata 9. Na meupe juu ya kile kijani cha 150, 60, 25 yanakaribia 7. Ukipenda chungwa endelea nalo, ila andika kwa nyeusi.

6. Gawa kama kanga. Kanga ina mji, pindo na jina. Mji ndio sehemu kubwa, pindo inazunguka, jina ni mstari mmoja tu ila ndio unaosomwa mtaa mzima. Madizaina wana kanuni ya 60, 30, 10, na kwangu ni hiyohiyo. Asilimia 60 bakgraundi, kile kijivu chepesi. 30 ni vichwa, kadi, menyu. 10 ni rangi yako kali, na hiyo 10 iwekwe pale tu unapotaka mtu abonyeze. Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni kupaka rangi ya batani kwenye kichwa cha habari, kwenye ikoni, kwenye mistari, halafu batani yenyewe inapotea katikati ya ndugu zake. Jina likirudiwa kanga nzima nani atalisoma?

Huhitaji kupima asilimia kwa rula. Kunja jicho nusu, angalia skrini kwa mbali, uone ni sehemu moja tu inayobaki inakuita.

7. Rangi za ishara, na maneno yake. Nyekundu kosa, kijani imekamilika, njano tahadhari. Watu wanazijua, usiwabadilishie. Lakini kamwe usiiache rangi iseme peke yake. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, karibu 1 kati ya 12 wana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani, na wanawake ni 1 hivi kati ya 200. Kwingine viwango vinatofautiana, ila watu hao wapo kila mahali, na wengi hawajui wenyewe. Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani nilimwekea orodha ya madeni, kidoto chekundu hajalipa, kidoto cha kijani kalipa. Wiki nzima akawa ananiambia "kijana wangu, hii orodha haina faida." Mimi namwonyesha, mzee si unaona hizi, na yeye ananiangalia tu. Siku niliyoandika "Amelipa" na "Anadaiwa" pembeni ya kila jina ndio akavuta kiti akakaa, akaanza kusoma majina kwa sauti moja moja. Vile vidoto kwake vilikuwa rangi moja.

Kwa hiyo: neno, au alama ya tiki na alama ya mshangao, halafu rangi juu yake. Viungo vya kubonyeza vipigie mstari.

8. Toka nje mchana. Hii hatua ndio ninayoomba uifanye hata kama nyingine zote utazipita haraka. Saa sita, saa saba, jua la Tanga unalijua. Simu weka mwanga nusu, zima ule mwanga wa kujirekebisha, washa hali ya kuokoa betri, maana watu wanatembea hivyo. Mpe mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo apu, mwambie kazi moja, halafu nyamaza.

Mimi nilienda stendi ya Kange na ule ukurasa wa machungwa ukiwa bado wa rangi ya chungwa na maandishi meupe. Nikamsogelea mama anayeuza juisi. "Shikamoo mama, samahani, hebu jaribu kuagiza tenga moja hapa." "Marahaba mwanangu." Akaishika simu, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akaweka kiganja juu yake kama kipaa. Akasema, "Machungwa nayaona, bei naiona. Hapa chini kuna doa." Akaligusa lile doa kwa ukucha kama anayebandua kitu. Lilikuwa ni batani yangu ya "Agiza sasa", nimeichora saa mbili nzima. Nilirudi nyumbani nikaanza upya na kijivu.

Wakati anajaribu usimwelekeze. Ukisema "hapo chini hapo" umeshaharibu jaribio. Hesabu kimoyomoyo, kama ikizidi sekunde tano hajaona pa kubonyeza, rudi hatua ya 5. Watu watatu wanatosha, na angalau mmoja awe amevuka miaka 50.

9. Hali ya giza, baadaye. Ukiwa tayari: usigeuze rangi tu kinyume. Bakgraundi iwe kijivu kizito kama #121212 kuliko nyeusi tupu, maandishi yasiwe meupe kabisa, na rangi yako kali ipunguze ukolezo na ipandishe mwangaza, maana kile kijani cha 25 juu ya giza hakionekani. Halafu pima tena jozi zote. Kama ni wiki yako ya kwanza achana nayo.

Ukikwama

*Rangi kwenye laptopu na kwenye simu ni tofauti.* Itakuwa hivyo siku zote, kila kioo kina namna yake. Kwanza angalia kama umewasha ile hali ya usiku inayofanya skrini iwe ya manjano, wengi wanaisahau. Baada ya hapo usihangaike rangi zifanane kabisa, hakikisha kontrasti ipo na ngazi zinatofautiana.

*Kontrasti imepita lakini macho yanauma.* Ukolezo umezidi. Nyekundu kali juu ya bluu kali hata kwa namba nzuri inatetemeka machoni. Moja ibaki kali, nyingine ishushe ukolezo mpaka 20 au 30 hivi.

*Kila kitu kimepauka, hakina uhai.* Mara nyingi hakuna giza la kutosha, yaani vyote viko kati ya 40 na 90. Shusha maandishi makuu mpaka 15, batani mpaka 25, uone. Usikimbilie kuongeza rangi ya pili.

*Mteja ana nembo ya njano na anataka njano.* Mpe njano, ila iwe chini na herufi nyeusi ziwe juu. Nyeusi juu ya #FFFF00 ni zaidi ya 19 kwa 1, inasomeka hata ukiwa kwenye bodaboda. Herufi za njano juu ya nyeupe mkatalie kwa heshima, mtoe nje juani umwonyeshe, wala hutahitaji kubishana.

*Maandishi juu ya picha hayasomeki.* Weka tabaka jeusi lisiloziba picha kabisa, juu ya picha na chini ya maandishi meupe. Nusu haitoshi: kama picha ina sehemu nyeupe, tabaka la asilimia 50 linakupa 3.9 tu. Weka 60, hapo hata kwenye wingu jeupe unapata 5.7. Au sogeza maandishi nje ya picha, ni rahisi zaidi na mimi ndivyo nafanya siku hizi.

*Nimebadilisha rangi moja, sasa sehemu nyingine zimebaki na ya zamani.* Hukuzipa majina. Ndani ya Figma au Penpot hifadhi kila rangi kama mtindo, na jina liseme kazi yake: "batani kuu", "maandishi ya pembeni", "kosa". Usiiite "kijani 3", maana siku mteja akihamia bluu utakuwa na bluu inayoitwa kijani 3 na mwenzako atakayepokea kazi atakuuliza maswali usiku.